Vigae vya Dada

Juzi sokoni Wete niliona ndoo ya plastiki iliyopigwa chapa ya mawimbi shingoni, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepagawa. Ungecheka na wewe, rafiki yangu, kama ungejua mawimbi yale yalitugharimu nini kwetu Gando.

Bibi yetu alikuwa mfinyanzi. Uani kwake kulinuka udongo mbichi na moshi wa makumbi ya nazi, na mchana tulikula muhogo wa nazi tumechuchumaa, miguu imejaa matope. Kubeba maji na kukanda udongo ilikuwa kazi ya kila mtu. Kutia nakshi ilikuwa ya mmoja tu. Unangoja chungu kianze kukauka, kisiwe tepetepe wala kigumu, halafu unakizungusha polepole huku ukikandamiza ukingo wa kombe, ganda la chaza, wimbi baada ya wimbi. Dada yangu alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Wangu, bibi alisema mbele za watu, ulikuwa mkono wa kuchimbia mihogo.

Jirani alipotaka vyetezo vya kufukizia udi kwenye harusi ya binti yake, bibi alitugawia, kila mmoja vitatu. Ambaye vyake vingetoka vizuri ndiye angeachiwa nakshi. Dada alipokwenda kusali adhuhuri, nikachukua kombe nikapita juu ya mawimbi yake mle mle, nikayazamisha mpaka udongo ukabaki mwembamba kabisa. Sitakudanganya kwamba nilitetemeka. Niliona raha.

Motoni vyote vitatu vilipasuka. Kwetu iliaminiwa kwamba chungu hupasuka kwa mfinyanzi mwenye kijicho moyoni, kwa hiyo bibi hata hakuviokota kuvitazama. "Weye mwana, wamhusudu nani?" alimuuliza dada mbele ya jirani. Dada alinitazama, kisha akainama akaviokota mwenyewe.

Tangu siku ile hakuruhusiwa kugusa chungu kibichi. Kazi yake ikawa kutwanga vigae, maana udongo wetu hauvumilii moto bila kuchanganywa na unga wa vyungu vilivyovunjika. Vya kwanza kutwanga vilikuwa vyake mwenyewe. Alivitwanga mpaka vumbi likamkaa kwenye nyusi, na unga ule nikaufinyangia vyungu vyangu, nikasifiwa kijiji kizima. Huruma sikuwa nayo.

Bibi alishakufa, uani kwake pamejengwa choo cha matofali, na sisi wenyewe tuna wajukuu. Siku ile ya ndoo nilikwenda moja kwa moja kwa dada, nikamweleza yote, nikalia, nikamwomba radhi. Alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Nlikuona," alisema. "Nlirudi kuchukua kanga ya kusalia, nkakuona."

"Mbona hukusema?"

"Nlitaka useme weye. Mwaka wa kwanza nlitwanga nkikungoja. Baadaye nkawa natwanga tu."

Radhi alinipa, akanimiminia chai, akaniuliza hali ya watoto kwa adabu anayompa kila mgeni. Watu hunisikitikia kwamba ufinyanzi umekufa mikononi mwangu. Wala siulilii. Namlilia dada aliyekuwa akinisuka huku akinifinya mashavu nikigeuza kichwa. Huyo aliniacha zamani, tukiwa bado tunalala kitanda kimoja, na mimi sikugutuka. Nilikuwa nafurahia kusifiwa.