Joto Chini ya Miguu ya Mama

Mshale wa joto ulianza kupanda kabla hatujafika daraja la Mteza. Nilikuwa naendesha gari la marehemu baba, saluni ya zamani yenye usukani mwembamba, na mama ameketi kushoto kwangu, mahali pake pa miaka yote. Tulikuwa tumetoka Magongo kwenda Timbwani kumwona dada yake, ambaye alikuwa ametoka hospitali juzijuzi. Mama hakutaka kupita kivukoni, kwa sababu abiria hushushwa garini na miguu yake haikuuweza tena ule mteremko. Ndiyo maana tukashika barabara ya Dongo Kundu.

Gari hilo lilikuwa limelala uani tangu baba afariki. Mimi na kakangu tulilifufua taratibu, Jumapili kwa Jumapili. Mimi ni dereva wa foklifti kwenye yadi ya makontena, naye ni fundi wa umeme bandarini. Injini si kitu cha kututisha. Lakini hii ilikuwa na ugonjwa mmoja uliotushinda. Tulisafisha rejeta, tukabadilisha pampu ya maji, tukaweka feni yenye nguvu zaidi, na bado ikipewa mwendo mrefu ilikuwa inaishiwa nguvu na kuchemka. Kwa safari fupi za mtaani haikuwa na neno. Siku hiyo nilitia jerikeni ya maji nyuma, nikasema inshallah tutafika.

"Mbona wapunguza mwendo?" mama akauliza.

"Naipumzisha kidogo, mama."

"Babako alikuwa haipumzishi."

Nikatazama kioo cha nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na lori la kontena limenikaribia hadi kioo kizima kimejaa pua yake, likipiga honi. Darajani hakuna pa kusimama. Nikakanyaga mafuta, gari likaguna tu, halikuongeza kitu. Ndipo nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikadhani ni mkanda wa feni, nikawa naomba usikatike kabla hatujavuka.

Tulipomaliza daraja nilitoka nje ya lami, nikazima injini, nikakimbilia mbele. Nilipofungua boneti, joto lilinirudisha nyuma. Mkanda ulikuwa mzima. Lakini bomba la moshi, pale linapotokea kwenye injini na kuelekea chini, lilikuwa limeiva jekundu. Nimeona injini nyingi zikichemka. Bomba lenye rangi ile sikuwa nimeliona. Nikalifuata kwa macho linakoelekea. Lilipita moja kwa moja chini ya kiti cha mama.

"Mama, shuka! Shuka sasa hivi!"

"Ngoja basi," akasema, ametulia kabisa. "Kiatu kimenasa."

Nikafungua mlango wake. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye zulia. Kandambili ya mguu wa kulia ilikuwa imeyeyuka na kugandana na sakafu, na wayo wake ulikuwa bado juu yake. Nikamshika chini ya makwapa, nikamvuta nje, nikamketisha kwenye nyasi. Nilipouinua ule mguu, ngozi ya kisigino na ya chini ya kidole gumba ilikuwa imekuwa nyeupe, na sehemu nyingine imeinuka malengelenge.

Jerikeni ilikuwa moja. Nilipoileta, mama alinyoosha mkono kuelekea garini.

"Mwagia gari, mwanangu, litashika moto. Mimi siumwi."

"Mama, umeungua!"

"Wallahi siumwi."

Zulia lilikuwa linatoa moshi mzito zaidi. Nilisimama na maji mkononi, na kwa muda mfupi sana nilimwamini, kwa kuwa uso wake haukuonyesha maumivu hata kidogo. Ndipo nikaelewa kwamba hilo lenyewe ndilo la kutisha. Nikapiga magoti, nikamimina maji polepole juu ya mguu wake, nikabakisha kidogo. Kisha nikarudi garini, nikalinyofoa zulia kwa mikono na kulitupa mbali, nikalizimisha kwa yale yaliyobaki. Vidole vyangu viliungua pia, na mimi nilipiga kelele. Mama alinitazama nikipuliza vidole, halafu akautazama mguu wake. Nadhani ndipo alipojua.

"Tangu lini sisikii?" akaniuliza.

Mwanamume mmoja aliyebeba matikiti kwenye pikapu alisimama bila kupungiwa mkono. Alimbeba mama kama anayembeba mamake, akamweka kiti cha mbele, nami nikapanda nyuma na matikiti. Gari la baba nililiacha hapo na boneti wazi.

Hospitalini Likoni muuguzi alimsafisha kidonda, kisha akamwambia afumbe macho aseme kila anapoguswa. Mama ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na sukari huua hisia za miguu. Kliniki walimwagiza atazame nyayo zake kila jioni, naye kila nilipomuuliza alinijibu kwamba ametazama.

"Nasikia," akasema mama.

Muuguzi alikuwa hajamgusa. Akanitazama. Akagusa kidole gumba, akagusa ubavu wa wayo, na mama kimya, kope zake zinatetemeka, anasubiri.

Kakangu, niliyempigia simu njiani, alifika akitokea huko tulikoliacha gari. Alikuwa amepata mtu wa kulivuta. Mikono yake ilikuwa na masizi. Nilimtoa hadi ukumbini.

"Lile bati la kukinga joto, lililokuwa kati ya bomba na sakafu. Liko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Nililitoa. Lilikuwa limeoza kwa kutu, linagongagonga."

"Ukaacha hivyo hivyo?"

"Nilikuwa nitengeneze jingine."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakujitetea. Tulikuwa tumesahau kwamba mlango ulikuwa wazi, hadi tuliposikia sauti ya mama ikituita sote wawili, nasi tukaitika "abee" kama watoto.

"Mimi ndiye niliyemwambia alitoe," akasema. "Kelele zake zilikuwa zaniumiza kichwa. Muache nduguyo."

Kakangu alifungua mdomo, akaufunga. Mpaka leo sijui kama mama alisema kweli, na kaka nimeacha kumuuliza.

Jumapili iliyofuata tulilitazama gari pale uani. Kaka alitaka liuzwe vyuma chakavu. Nilimwambia kwanza nataka kujua. Akawasha injini, mimi nikaenda nyuma nikaweka kiganja kwenye tundu la bomba. Pumzi iliyotoka ilikuwa dhaifu, kama ya mtu anayepulizia chai, hata alipokanyaga mafuta. Nikamwita aje ajaribu mwenyewe. Akaweka mkono, akaniangalia.

"Haitoi pumzi," akasema.

Muda wote ule tulikuwa tunatafuta ugonjwa mbele, kwenye maji, na kumbe ulikuwa nyuma. Tulizima, tukasubiri bomba lipoe, kisha tukafungua nati za kiungo kilicho mbele ya sailensa, lile kopo linalopunguza mlio. Tulipowasha tena, gari lilinguruma mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta, lakini injini ilipata nguvu. Tuliiacha ikiunguruma muda mrefu, kaka akikanyaga mafuta mara kwa mara. Mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa hapo. Bomba halikubadilika rangi.

Tuliipasua sailensa kwa msumeno wa chuma. Ndani, mabati yanayoigawa yalikuwa yamelika kwa kutu na kuangukiana, yakaziba njia, na nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo katika uwazi uliobaki. Moshi wa moto haukuwa na pa kutokea, ukarudisha joto lake kwenye injini na kwenye bomba lililopita chini ya mama. Kaka alikaa chini sakafuni na kipande cha bati mapajani, akalia. Nilikaa karibu naye. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimechoka.

Tuliweka sailensa mpya, na bati la kukinga joto kaka alilikata mwenyewe, nene kuliko la kwanza, akalikaza kwa boliti, nikamsimamia.

Mguu wa mama ulichukua muda mrefu. Kulikuwa na wiki ambazo daktari alitaja kukata kidole. Kaka alikuja kila asubuhi kabla ya kazi kumpeleka kubadilishwa bandeji, akimbeba hadi kwenye tuktuk. Kidole kilibaki. Kisigino kilifunga kikaacha kovu linalong'aa.

Sasa kila jioni mama hukaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha miguu, akaniita nimtazame nyayo. Zamani angeona haya. Napitisha tochi taratibu katikati ya vidole, nikimweleza ninachokiona, naye husikiliza kwa makini, kama anayepewa habari za mtu aliye safarini.