Agizo la Mgonjwa Namba Saba

Tupokigwe nilimjua kwa sauti miaka miwili kabla sijamwona. Mwaka 1976 alikuwa mkunga kwenye zahanati ya misheni upande wa Madibira, bonde la Usangu, nami Anania nilikuwa karani wa redio kolu kwenye zahanati nyingine, Mafinga. Kila asubuhi saa mbili zahanati zote ziliwasha redio, na Daktari Sedekia, akiwa hospitalini Mbeya, alitoa maagizo juu ya wagonjwa ambao hakuwaona. Ilikatazwa kusikiliza zamu ya mwenzako. Sote tulisikiliza. Ulitaka tufanye nini na ukungu ule wa Mufindi?

"Anania, umesahau kidole kwenye kitufe, nawasikia kuku wako," alinipasha siku moja, watu wote wakisikia. "Mgonjwa wangu si taarifa ya habari. Zima."

Sikuzima. Ndiyo maana yeye hakutaja jina la mgonjwa hewani hata mara moja, alitaja namba. Na kila alipopewa agizo alisema, "Rudia, daktari, na utaje jina lako. Naandika." Daktari alichukia sana. Alikuwa hodari, hilo simnyimi, ila hakupenda kuulizwa na mtu asiye na digrii.

Mwezi wa tatu wa mwaka 1977, Usangu yote ikiwa maji na hakuna gari linalopita, Tupokigwe alimwita daktari. Mgonjwa namba saba, mke wa mfugaji wa Kisukuma, amejifungua salama lakini kondo la nyuma limekwama, na damu haikatiki.

"Ingiza mkono ulitoe," daktari akasema.

"Kwa sheria siruhusiwi. Hiyo ni kazi yako."

"Basi atakufa na sheria yako."

"Sijakataa, daktari. Rudia, na utaje jina lako."

Alirudia kwa hasira, na jina akalitaja. Tupokigwe akanawa mikono, akalitoa. Yule mama alipona.

Mwezi uliofuata mkaguzi alilisoma daftari la Tupokigwe, naye akaitwa Mbeya mbele ya kamati ya wanaume saba. Kosa lake, kama alivyonisimulia baadaye, lilikuwa kufanya kazi ya daktari, na adhabu yake ni kuvuliwa sare.

"Nilimshauri tu," alisema Daktari Sedekia. "Sikumwagiza."

Tupokigwe akafungua daftari, akawasomea agizo na jina. Mwenyekiti akamwambia, "Ndugu Tupokigwe, hayo umeyaandika mwenyewe. Taja jina la huyo mama, aletwe hapa apimwe."

"Silitaji. Hakuna hata mmoja humu anayemtibu. Nipeni redio."

Kwa hiyo asubuhi ile sauti yake ilitufikia kutoka Mbeya. "Zahanati zote. Tarehe kumi na tisa Machi, mgonjwa wangu namba saba. Daktari anasema alinishauri tu. Aliyetega sikio aseme alichosikia mbele ya kamati. Najua mlikuwepo."

Kukiri kulikuwa sawa na kuandika barua ya kuacha kazi. Niliogopa, tena niliona aibu, maana aliyekuwa akitufukuza sasa alituhitaji. Lakini zaidi nilikasirika kwamba bwana mkubwa mzima anajificha nyuma ya neno moja, ushauri. Nikabonyeza kitufe, safari hii kwa makusudi.

"Mafinga hapa. Nilisikia. Daktari alisema aingize mkono alitoe. Alisema mara mbili, na jina lake akalitaja."

Zahanati nne zikafuata, moja baada ya nyingine.

Sare hawakumvua. Walimpa barua ya onyo hata hivyo, akaipigilia ukutani juu ya redio. Nilipofika kwake mwaka uliofuata niliikuta pale pale. Mimi nilipata ya kwangu. Jina la yule mama silijui mpaka leo.

Jumatatu baada ya kamati ile, saa mbili, daktari alianza mwenyewe. "Daktari Sedekia hapa. Yule mtoto mpe klorokwini nusu kidonge. Ova."

Tupokigwe akabonyeza kitufe.

"Rudia, daktari," akasema. "Naandika. Na wewe Anania, zima."