Kufuli Kwenye Kibanda cha Zimamoto

Jumamosi ile zimamoto walifungua lango lao kwa watu wa mitaa yetu, nami nilifika nikiwa nimeshachagua gari langu: lile kubwa lenye ngazi mgongoni. Nilikuwa msichana niliyeishia darasa la saba tu, nashona mikoba kwa fundi wa ngozi kule Kariokor, lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeshaketi kwenye usukani, kengele inalia, Jogoo Road nzima inanipisha. Askari mmoja aliponivika kofia yake ikanifunika hadi puani, dada yangu alicheka mpaka akajishika mbavu.

Dada ndiye niliyekaa naye mtaa wa Huruma, chumba kimoja cha mbao na mabati, kisicho na dirisha. Alikuwa na pacha wadogo, na siku hiyo, kama siku zote akitoka, alikuwa amewafungia ndani kwa kufuli. Ploti nzima, wapangaji wote wa ua wetu, ilifanya hivyo. Nje kulikuwa na mtaro wazi na magari, na kila wiki ulisikia habari za mtoto aliyepotea. Mama aliyefungia wanawe alionekana ana akili. Aliyewaacha wazurure ndiye aliyesemwa.

Basi zimamoto walikuwa wamejenga kibanda uwanjani, mbao na mabati kama kwetu. Ndani waliweka kitanda, pazia la kugawanya chumba, na mwanasesere wa matambara. Mlangoni wakatia kufuli. Mkubwa wao, mzee mpole mwenye masharubu, akaomba mama mmoja aje afungue. Majirani wakamsukuma dada mbele, wakitania kwamba huyu hufungua hata gizani na debe la maji kichwani. Akaenda kwa madaha, akafungua na kufunga bila hata kuangalia, nasi tukapiga makofi. Wakamvika koti zito, askari wakasimama karibu naye na mpira wa maji, kisha wakawasha moto upande wa nyuma, wakamwambia amtoe mwanasesere.

Mimi nilidhani moto huanza polepole, kama wa jiko. Moshi mweusi ulitoka chini ya mlango kabla sijamaliza kumpungia dada mkono. Alitia ufunguo, ukakataa. Akaugeuza, ukamponyoka. Alipoupata, akikohoa, kufuli lilikuwa limeanza kuunguza vidole, na askari wakamvuta nyuma. Paa likakaa chini kwa sauti ndogo tu.

Walipokwisha kumwaga maji, mzee yule alitoa kilichobaki cha mwanasesere kwa koleo, akakiweka mbele yetu. Akauliza:

"Nani ameacha mtoto amefungiwa nyumbani sasa hivi?"

Nilitarajia mkono mmoja mmoja. Mikono ilipanda kama darasani. Wa dada haukuwemo. Alikuwa ameshatoka langoni, bado na koti la watu.

Nikamfuata mbio. Njiani nilimtuliza kwamba jiko hatukuliwasha leo, watoto wako salama.

"Niliwaachia koroboi," akasema. "Wanaogopa giza."

Nikaongeza mbio.

Ploti ilikuwa kimya. Dada alifika mlangoni, ufunguo ukagonga kufuli pembeni, tena na tena, mpaka nikamshika mkono nikafungua mimi. Pacha walikuwa chini ya kitanda, koroboi katikati yao, wanachezesha vivuli vya vidole ukutani. Walikuwa wameteremsha blanketi liwe mlango wa nyumba yao. Ncha yake ilikuwa na doa jeusi kama kiganja, bado linanuka kuungua. Mmoja akatuambia tufunge, tunawaharibia mchezo.

Dada alizima utambi kwa vidole vyake vilivyoungua. Mimi nilikuwa nalia, yeye hakulia. Alipapasa chini ya godoro, akatoa ufunguo wa pili, akavuka hadi mlango wa jirani. Yeye na huyo mama, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa hawasalimiani tangu wagombane juu ya kamba ya kuanikia nguo.

"Mama, kaa na huu. Nikiwa sipo, wafungulie."

Jirani alilitazama lile koti kutoka juu hadi chini.

"Si uliniambia nisiguse hata kamba yako?"

"Nilikuambia."

Mama yule akafunga ufunguo kwenye pindo la leso yake, akampita dada mlangoni, akaja chumbani kwetu kuwauliza watoto kama wamekula.