Mpango wa Fundi Mmoja na Koti la Kaka

Chumba nilichopanga Bukoto, Kampala, kilikuwa na mlango wa bati, dirisha dogo, na ukutani matundu ya risasi za vita ambayo mwenye nyumba alikuwa ameyaziba kwa saruji ya rangi nyingine. Mimi nilikiita makao makuu.

"Makao makuu ya nini?" aliniuliza jirani yangu, mama mmoja wa Kinubi aliyekuwa akikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo, na kuuza chai ya tangawizi mlangoni pake.

"Ya kampuni, mama."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kampuni! Cherehani moja, stuli moja, mtu mmoja. Basi na mbuzi wangu ana kampuni."

Sikuudhika hata kidogo. Nilikuwa kijana wa darasa la saba kutoka magharibi mwa Kenya, nimejifunza kushona kwa fundi wa soko la kwetu, na nilipokuwa nakanyaga cherehani nilikuwa naona mbali. Niliona tawi Mbuya. Niliona tawi Nairobi. Niliona bango la rangi ya bluu, na wanafunzi wangu wameketi safu mbili, kila mmoja na mashine yake. Ndoto hazikuwa na kodi, kwa hiyo niliota za kutosha.

Aliyenileta Kampala ni kaka yangu, yaani mtoto wa mama yangu mkubwa. Alikuwa karani katika kampuni moja ya malori, mtu wa suti, mwenye mwili uliojaa na kicheko cha kuamsha mtoto. Jioni akitoka kazini alipitia kwangu, akaketi kwenye stuli, mimi nikaketi juu ya gunia la vitambaa, akanifundisha jinsi mtu aliye peke yake anavyopaswa kuipanga biashara yake.

"Wewe ni nani hapa?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Mkurugenzi."

"Nani anafagia?"

"Mimi."

"Nani anapima watu? Nani anapiga pasi?"

"Mimi, kaka."

"Na anayekwenda mjini kununua nyuzi?"

"Ni mimi huyohuyo."

"Basi mkurugenzi akienda kununua nyuzi, kampuni imefungwa. Anzia hapo. Usianze na bango."

Nilitaka sana kuanza na bango.

Kaka alikuwa na namna yake ya kusema mambo. Mwenye watu wengi, alisema, hupanga fedha kwanza. Aliye peke yake apange nguvu zake kwanza, maana zikiisha hana stoo ya kuchukulia nyingine. Alisema kampuni ya mtu mmoja ina wafanyakazi wengi lakini wote wanakula sahani moja na wote wanaumwa siku moja. Alinifundisha kukataa kazi. Hilo lilikuwa somo gumu kuliko yote, kwa sababu mimi mtu akinitazama kwa huruma nilimwahidi suruali kesho asubuhi, na kesho asubuhi nilikuwa nimeahidi watu watano.

Nilipopata kazi ya sare za shule moja iliyokuwa bondeni, kaka alifurahi kuliko mimi. Ndiyo ilikuwa nguzo ya mpango wetu wote. Sare zilikuwa zitoke kabla ya kila muhula, na zikitoka vizuri mwaka mzima, ningeweza kununua mashine ya pili.

"Shule zikikaribia kufunguliwa," alisema, "hata waziri akija na suruali yake, mwambie arudi baadaye."

"Na wewe ukija?"

"Hata mimi. Nifukuze."

Lakini mpango ulisema kushona, na watu walileta kupunguza. Miaka ile Kampala ilikuwa inakonda. Mwanamke alileta sketi yake ipunguzwe kiunoni, baada ya majuma machache akairudisha ileile. Wanaume walileta suti zao za harusi. Ugonjwa wenyewe, huu UKIMWI wa leo, watu waliuita silimu, lakini si mbele ya mwenye nao. Kulitaja jina hilo mbele yake ilikuwa kama kumtemea mate. Wote waliniomba neno moja: "Fundi, usikate. Kitambaa kiache ndani, nitanenepa." Nami nilikiacha. Nilikikunja kile kilichozidi ndani ya mshono, nikakipiga pasi kilale, nikawaambia ndiyo, utanenepa, nitakufumulia bure.

Kisha kaka akaleta suruali yake.

"Punguza kidogo," alisema akitazama nje. "Chakula cha pale kazini siku hizi hakina mafuta."

Nilipunguza. Akaileta tena. Mara ya tatu hakusema habari ya chakula, na mimi sikuuliza. Nilipiga magoti nikabana pini, na mkono wangu ulipozunguka kiuno chake ulirudi mapema mno.

Basi, muhula ukiwa umekaribia, marobota ya kitambaa cha sare yamejaa mpaka chini ya meza, kaka alikuja mchana badala ya jioni. Alisimama mlangoni. Dereva wa lori aliyetoka nyumbani alikuwa amemletea ujumbe: mama yake yuko njiani kuja Kampala. Kuna mtu kijijini aliyemwambia, mwanao wa Uganda amekwisha, na mama mkubwa alikuwa amesema anakuja kujionea kwa macho yake.

"Amezika mmoja mwaka jana," kaka alisema. Alimaanisha mdogo wake, aliyefia Mombasa kwa ugonjwa uleule. "Sitaki aanze kunizika mimi nikiwa nimesimama. Anione mzima siku mbili tatu, arudi nyumbani alale usingizi. Hilo tu ndilo nalotaka. Nitengenezee mwili."

Sikuelewa upesi.

"Koti," alisema. "La kunijaza." Halafu akayaona marobota ya sare, akarudi nyuma hatua. "Lakini ni muhula. Nifukuze, bwana. Ndivyo tulivyopanga."

"Keti, kaka," nilisema, nikasukuma marobota kwa mguu ili apate pa kupita.

Sijawahi kushona kitu kama lile koti. Nilitafuta kitambaa kizito cha kijivu ambacho hakilali mwilini. Nilitia pedi mabegani, kisha kifuani nikatia pamba kwa matabaka, nikaishonea mistari kama godoro la mtoto ili isishuke, juu yake bitana. Pamba ilipopungua, jirani yangu, ambaye alikuwa akinitazama kupitia dirishani bila kuuliza swali, aliniletea mto.

"Wa marehemu mume wangu," alisema. "Aliulalia vizuri, hautamdhuru kijana."

"Mama, unajua ni wa nini?"

"Mimi nakaanga kabalagala tu," alijibu, akaenda zake.

Siku ya kujaribisha, kaka alivaa polepole. Nilimfungia vifungo. "Unanifanya mbunge," alisema, akacheka kile kicheko chake, kikakatizwa na kikohozi. Halafu akajitazama katika kioo changu cha ukutani. Aligeuka upande huu, akageuka ule. Mle ndani ya kioo alikuwa yule karani aliyenipokea stendi nilipofika Kampala na mfuko wa plastiki mkononi.

"Ndiye yule," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimeanza kumsahau."

Nilijifanya natafuta chaki.

Ile siku ya mgeni tuliipanga kama tulivyopanga kampuni. Kaka angempokea mama yake mjini alasiri, amsalimie kwa mikono, kwa heshima, asimkumbatie. Wangekuja moja kwa moja kwangu kunywa chai, na kaka angekaa penye kivuli karibu na marobota. Mazungumzo yakirefuka, mimi ningeleta habari za nyumbani, za ng'ombe, za nani kaoa. Kisha angesema kazi inamtuma safari. Tulirudia kila jambo, tukaona limekaa.

Hatukupanga mvua.

Mvua ya Kampala haibishi hodi. Nilikuwa nimeshaweka chai mezani wakati bati lilipoanza kupiga kelele, na njia ya mbele ya duka ikageuka mto mwekundu. Nilisimama mlangoni nikitazama chini barabarani. Nikaliona koti langu linapanda kilima.

Lilikuwa limefika magotini. Ndani yake alikuwamo mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani, na nyuma yake, amebeba mfuko wake wa unga, mwanamume aliyevaa shati jeupe lililogandana na mwili. Kila kitu kilionekana. Mbavu, mifupa ya mabega, mikono iliyokuwa kama fito. Alikuwa anatembea amemkinga mama yake na upepo, na nadhani mpaka pale alikuwa hajatambua alichofanya. Mama yake alikuwa ananyeshewa, naye alikuwa na koti. Ni mtoto gani angesimama afikirie?

Alipoingia na kuniona uso wangu, ndipo akajitazama.

Mama mkubwa aliketi kwenye stuli. Hakumtazama mwanawe. Alilishika bega la koti kwa vidole, akalibana, maji yakatoka kama ya sifongo, yakamwagika sakafuni. Akabana kifuani. Akabana tena, taratibu, kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe kujua kama ana mimba.

"Koti lako zito, mwanangu," alisema.

Akapitisha kidole kwenye mshono wa mkono.

"Nani ameshona?"

"Ni mimi, mama mkubwa."

"Umeshona vizuri." Akalivua, akaliweka juu ya meza yangu, likabaki limesimama kama mtu. "Njoo nikuone," akamwambia kaka.

"Mama, nimelowa tu. Mtu akilowa huwa mdogo."

"Hata kuku akilowa huwa mdogo. Lakini kuku akikauka namjua."

Alifungua leso yake ya pili, akaanza kumkausha, kichwa, shingo, nyuma ya masikio, kama alivyomkausha alipokuwa akirudi kutoka mtoni. Kaka alisimama mbele yake kama mtoto.

"Nilitaka uondoke na amani, mama."

"Mdogo wako niliitwa ameshakufa," mama mkubwa alisema, mikono haikuacha kufanya kazi. "Sikumpa uji. Sikumwosha hata mguu. Nililetewa sanduku, nikaambiwa huyu ni wako. Na wewe ulitaka kuninyima?"

Hapo kaka akalia. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia vile, na mvua juu ya bati haikutosha kumfunika. Nilitoka nikasimama kwa jirani. Alinipa chai, hakunitania hata kwa neno moja.

Mama mkubwa hakurudi baada ya siku tatu. Alihamia chumbani kwa kaka, akampikia, akampeleka hospitali ya Mulago, akakaa naye kwenye mabenchi. Siku waliporudi kwangu aliniambia, "Mwanangu, fumua ile pamba. Mshonee nguo ya huyu niliyemwona." Nikafumua. Nilimpima upya mbele ya mama yake, nikizisoma namba kimoyomoyo, naye akaniambia, "Sema kwa sauti. Nataka kujua." Nikasema kwa sauti.

Sare hazikuwa zimeisha. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kutoka bondeni, akazikuta nyingine bado vipande.

"Fundi, kampuni yako ina wafanyakazi wangapi?"

"Mmoja, madamu."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa na mgonjwa."

Nilisubiri matusi. Hakunigombeza. Aliwaambia vijana wake wapeleke marobota kwa fundi mwingine, kwa sababu watoto lazima wavae. Mlangoni aligeuka akasema, "Pole. Na mimi ninaye." Kazi ya shule haikurudi kwangu, na mashine ya pili ikaenda nayo.

Kaka aliondoka na mama yake wiki ile ile. Stendi, koti jipya lilikuwa jepesi mabegani mwake, mikono imekomea pale mikono yake ilipokomea. Mtu yeyote angemtazama angeona mgonjwa aliyevaa nadhifu.

"Umeuharibu mpango," aliniambia.

"Nimeuharibu."

"Mimi mwalimu wako nilikuwa mbaya." Akanishika shingo nyuma, kama zamani. "Ila koti limenikaa."

Mahindi ya kwetu yalipokuwa yanaanza kukomaa, dereva yuleyule alikuja dukani, akavua kofia kabla hajasema. Nilifunga mlango, nikaenda nyumbani kuzika. Mama mkubwa aliniambia kwamba alimlisha uji kwa mkono wake mpaka siku ya mwisho, na kwamba siku nyingine alikuwa anakula akimfanyia mzaha. Alilisema hilo kwa uchungu, lakini pia kwa namna ya mtu aliyepata haki yake.

Niliporudi Bukoto niliketi peke yangu juu ya gunia la vitambaa, kwa sababu stuli ilikuwa ngumu kuikalia, nikaanza kupanga upya. Bado naota tawi la Mbuya. Huo ni ugonjwa wangu. Lakini safari hii, nilipogawa mwaka, kuna majuma ambayo sikuyauza kwa mtu. Wateja wakiomba nawaambia yana mwenyewe.

Jirani alinikuta nikiyahesabu kwa vidole.

"Na hayo ni ya nani?"

"Sijui bado, mama. Ya atakayeugua. Wa nyumbani. Au wewe."

Alinitazama muda, mwiko mkononi, moshi wa mafuta unampita usoni.

"Mimi niweke mwisho kabisa," alisema. "Nina unga bado."