Mzee wa Kitanda cha Mwisho

Msinicheke. Nimeshachekwa vya kutosha na dada zangu hapa Tanga, wanaosema joto la Jeddah lilinipanda kichwani. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa mzima wa akili, na mwanga wa jioni ulikuwa bado uko dirishani. Usipoamini shauri yako, ila nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni afisa tabibu. Si daktari wa digrii, lakini nampima mgonjwa, namwandikia dawa, namshona, na mtu akipata ajali hewa ikamjaa kifuani, naitoa kwa sindano kabla haijamuua. Miaka ile watu walipokuwa wakimiminika Saudia, wakala alikuja kutafuta watu wa hospitali, nami nikaenda. Riyadh nikafanya mtihani, nikapita, nikapewa cheo cha msaidizi wa daktari, kitengo cha dharura, katika hospitali moja ya binafsi kule Al-Mahjar, Jeddah. Cheo kizuri, sivyo? Basi sikia sheria yake. Msaidizi haruhusiwi kumchoma mgonjwa sindano ya kifua ila daktari awe amesimama pale pale. Ukithubutu, ikama, yaani kibali chako cha kuishi kule, inafutwa, na huenda ukalala jela kabla ya kupandishwa ndege.

Ramadhani ikaingia. Kule, kabla ya adhana ya magharibi magari hukimbia kama yanafukuzwa, kila mtu awahi futari. Adhana ikishalia, mji wote kimya. Jioni ya kwanza daktari wa zamu alipanda juu kufuturu na wenzake, chini nikabaki mimi na Wanjiru, nesi Mkenya aliyekuwa mwenyeji pale.

Ndipo nikamwona mzee kwenye kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, mkono umezibana mbavu. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja, "Mwanangu, daktari keshakuja?"

Wallahi nilifurahi. Familia za Kizanzibari zipo Jeddah tangu zamani, lakini mimi nilikuwa sijakutana nazo. Nikamjibu vile tunavyowajibu wagonjwa wote huku kwetu, hata kama daktari mwenyewe yuko wilaya nyingine: "Yuko njiani, mzee wangu. Subiri kidogo." Nikaenda kumletea maji na tende. Niliporudi hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limenyooka, hata mkunjo mmoja hakuna.

Nilipomuuliza Wanjiru, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mzee wa kofia? Huyo alikufa hapo Ramadhani iliyopita. Hewa ilijaa kwa kifua. Msaidizi alikuwa amesimama tu hapo na sindano kwa mfuko, akingoja daktari amalize kukula. Wewe ulimwambia nini?"

"Kwamba daktari yuko njiani."

"Ai, dada! Hata wao walimwambia hivyo hivyo. Sasa atakungoja wewe."

Na kweli aliningoja. Kila magharibi, adhana ikilia tu, pazia la mwisho linatikisika na sauti inauliza, "Mwanangu, daktari keshakuja?" Nilisoma kila sura niliyoijua. Hakunitisha, hakunifokea, aliuliza tu kwa adabu zake, na mimi kwa woga nikamjibu jibu lile lile. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Kisha jioni moja tukaletewa majeruhi wa ajali. Teksi ilikuwa ikiwahi futari, ikagonga nguzo. Dereva alichubuka tu, lakini abiria wake, msichana wa Kikenya aliyefanya kazi za ndani kule Al-Hamra, alikuwa midomo imegeuka rangi, mishipa ya shingo imetuna. Upande mmoja wa kifua haukupanda wala kushuka.

"Dada," akaninong'oneza, "siwezi kupumua."

Nilijua kilichomo mle kifuani kama ninavyojua jina langu. Wanjiru akapiga simu juu, ikaita weee, haikupokelewa. Akakimbia ngazi, akarudi anahema. "Hayuko. Ameenda msikitini na simu ameiacha kwa meza. Na wewe usiguse mtu! Watakufunga!" Huku ananiambia hivyo, machozi yanamtoka.

Nilikuwa na sindano mkononi. Nilimfikiria mama yangu, na mwanangu anayesomeshwa na kazi ile. Hapo pazia likatikisika. Mzee alikuwa amesimama miguuni pa kitanda cha yule binti, karibu nami mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye kanzu yake.

"Mwanangu, daktari keshakuja?"

Nikamgeukia. "Hajaja, mzee wangu. Wala sijui atakuja saa ngapi. Nipo mimi."

Nikapapasa chini ya mtulinga, nikahesabu mbavu, nikachoma. Hewa ikatoka kwa mlio, fssss, na binti akavuta pumzi moja ndefu. Halafu niamini katika hili hata kama umeyakataa mengine yote: mlio ule ule ulitoka mara ya pili, kwenye kitanda cha mwisho, kilichokuwa kitupu. Wanjiru naye aliusikia. Mzee sikumwona tena.

Daktari alirudi, akamtazama binti, akanitazama mimi, akasema, "Umemwokoa. Lakini sijui kama nitaweza kukuokoa wewe." Nikasimamishwa kazi. Nikaitwa Riyadh, kwenye makao makuu ya hospitali, nikahojiwa hata usingizi ukanipotea. Mwishowe daktari yule yule ndiye aliyenitetea. Wakaibadilisha kanuni: katika hospitali zao zote, msaidizi wa dharura aokoe roho kwanza, amwite daktari huku anafanya kazi. Halas, nikadhani yameisha.

Siku ile ile, natoka kupitia kitengo cha dharura cha Riyadh, adhana ya magharibi ikalia. Nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kiarabu kama daktari amefika. Nililifungua pazia. Kitanda kilikuwa kitupu. Na kwenye kile cha pili yake, sauti nyingine ikauliza.

Niko Tanga sasa, na magharibi siketi karibu na pazia. Nawe ukiwa unatunga sheria za hospitali, kumbuka kwamba waliokufa wakingoja ruhusa hawajaondoka. Na ukiwa muuguzi au tabibu, usimwambie mgonjwa daktari yuko njiani ilhali hujui. Wengine wanaamini, na wanakaa kungoja.