Bei ya Redioni

Nyumba tuliyoishi Mtoni, Temeke, ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba. Kuta zake zilikuwa za udongo, zimepigwa lipu upande wa mbele tu ili wapita njia waone, na juu makuti. Bibi aliolewa akaingia nyumba ile, akazaa humo, akafiwa na mume humo, na kila alipougua, hata mafua, alikuwa na neno lake moja: "Mie nitatokea hapa hapa. Msinihangaishe." Alikuwa anazungumzia jeneza. Kwetu halikuwa jambo la kunong'ona. Mtu mzima huwa na mlango anaotaka atolewe. Mimi aliniita mke mwenzake, kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wa kike, na akishasema habari za kutoka huniuliza kama nitamlilia au nitafurahi kubaki na mume peke yangu.

Makuti yalikuwa yameoza. Kila masika tulitandaza masufuria sakafuni na kuhamisha vitanda huku na huku. Majirani, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameshaweka mabati. Baba alikuwa muuzaji katika duka la ushirika, na mageuzi yalipokuja duka likafungwa, akapewa kiinua mgongo. Fedha ile aliifungia kabatini kwa kazi moja tu, paa la mama yake.

Hapa lazima nimweleze Baba, maana watoto wangu nikiwasimulia huishia kumcheka, nami hukasirika. Katika duka lile bei zilitoka serikalini. Zilisomwa redioni, Baba akaziandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni, na tangu hapo hazikuwa na mjadala. Aliyezidisha aliitwa mlanguzi na angeweza kulala ndani. Sabuni hakuna, sukari hakuna, foleni imezunguka duka, lakini bei ilikuwapo na kila mtu aliijua. Kupatana kulikuwa kwa nyanya na samaki, mambo ya wanawake sokoni. Kwa Baba, bei ikishasemwa hadharani ilikuwa imekwisha kuwa kweli.

Basi, katikati ya miaka ya tisini, redio mojawapo ya zile mpya za watu binafsi ikatangaza mabati. Muziki kwanza, halafu bwana mmoja mwenye sauti nzito akataja bei ya bati moja katika ghala lililoko Kurasini. Baba akapiga hesabu, akaona fedha za kabatini zinatosha na chenji ya misumari inabaki. Jioni tangazo likarudiwa, bei ileile. Kesho yake likarudiwa tena. Hilo kwake lilikuwa sawa na kuandikwa ubaoni.

Akaita watu. Kuezua nyumba ni kazi ya mtaa. Mwenye nyumba hupika, wengine huleta mikono. Jumapili wakaja, Mama akapika pilau, na kabla ya adhuhuri makuti yote yalikuwa chini, yamesagika hata kwa kuchochea moto hayafai. Mama alimuuliza Baba, nikiwa pale pale, kwa nini asingenunua mabati kwanza ndipo aezue. Baba alishangaa kweli.

"Ninunue kwanza ili iweje? Bei si imeshatangazwa?"

Bibi alijilaza kitandani kwake akitazama juu, akasema tangu azaliwe hajawahi kuona mawingu bila kutoka nje. Tulicheka sana siku ile.

Jumatatu nilifuatana na Baba Kurasini, shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa amekwisha kukodi pikapu ya kwenda na kurudi. Ghala lilikuwa nyuma ya yadi ya makontena, malori yamejipanga mpaka barabarani. Kijana wa mauzo, tai shingoni, akamwamkia Baba kwa adabu, akatuletea soda. Baba akataja idadi ya mabati anayotaka, akataja na bei.

"Hiyo ni bei ya tangazo, mzee wangu," kijana akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka."

"Yale yalikuwa mabati mepesi, na yameisha. Yaliyopo ni mazito kidogo. Halafu ile bei haina kodi." Akataja ya kwake. Ilikuwa karibu mara mbili.

"Lakini leo asubuhi nimelisikia tangazo."

"Limelipiwa mwezi mzima, mzee. Lile la kuwaita watu tu. Ukishafika hapa, tunaongea."

Leo najua kwamba kijana alikuwa anamwambia apatane. Baba alisikia matusi. Alisimama, akairudisha soda mezani bila kuigusa.

"Bei ikishatangazwa haina kupatana, mwanangu. Ingekuwa zamani, saa hizi ungekuwa ndani."

Wateja wengine wakacheka, wala si kwa ubaya. Pikapu ikarudi Mtoni tupu, na nauli yake tukalipa.

Mama aliomba aende yeye. Mama aliuza mihogo ya kukaanga, na kwenye kupatana angeweza kumtoa mfanyabiashara jasho mpaka akamwita dada. Baba akakataa kabisa. Kumpeleka mkewe akapatane kulikuwa ni kukubali kwamba redio imedanganya na kwamba yeye amedanganyika. Akaenda kushtaki kwa afisa biashara, akaambiwa siku hizi bei ni ya mwenye mali. Akarudi ghalani, akarudi tena, akiamini atamkuta mkubwa mwenye akili timamu. Kila akienda bei imepanda, dola imefanya hivi, bandari imefanya vile. Na redio nayo, bila haya, bado inaimba ile bei ya mwanzo.

Nilimpenda Baba na nilimkasirikia, yote kwa pamoja. Yule bwana wa sauti nzito nilimchukia, na mpaka leo namchukia, ingawa najua alikuwa anasoma alichoandikiwa. Yeye alikuwa anaita watu dukani. Hakujua kuna nyumba imeezuliwa kwa maneno yake.

Masika yakaingia. Tulifunga turubai juu ya chumba cha mbele tukasongamana humo sote, na vyumba vya nyuma udongo ukaanza kumong'onyoka kutoka juu. Bibi akapata kikohozi. Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa amepanga chumba Tandale karibu na soko, akaja kumchukua. Bibi alibishana mpaka akachoka. Mwishoni akamwambia Baba, "Nakwenda kutembea tu, mwanangu. Mkishaezeka mnifuate." Baba akamwitikia kwamba watamfuata.

Hakukaa sana. Alifia Tandale, ndani ya chumba cha kupanga, wachukuzi wakipiga makelele dirishani.

Baba alisema mama yake atatokea kwake. Shangazi alimjibu taratibu, machozi yakimtiririka, "Kaka, atakoshwa wapi? Nyumba haina paa. Maiti ana stara yake."

"Atatokea kwake," Baba akasema. Tukamleta Mtoni.

Mwosha maiti alikuwa mama wa makamo wa mtaa wetu. Aliingia chumbani kwa Bibi, akatazama juu, akatazama kuta zilizolika, kisha akatoka mpaka uani walikokaa wanawake.

"Leteni khanga," akasema.

Kila mmoja akavua ya juu. Nyingine zilifungwa kwenye miti ya ukutani, nyingine wanawake walizishika kwa mikono, wamesimama juu ya viti na vinu, mpaka chumba chote kikafunikwa. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nami nikapewa pembe moja. Khanga za rangi zote, mpya na zilizochujuka. Nililia, mikono yangu iko juu, siwezi kujifuta. Manyunyu yakaanza, khanga zikalowa, zikaning'inia, maji yakawa yanapenya tone kwa tone.

Mtoto wa kiume haingii anapokoshwa mama yake. Baba alikuwa nje, amesimama kando ya ukuta wa chumba kile, na kwa kuwa hapakuwa na paa, sauti yake ilipita juu ya ukuta ikatufikia sote.

"Mama," alisema. "Mama, walitangaza. Nililisikia kwa masikio yangu."

Mwosha maiti akasimamisha mkono wake na kata ya maji, akamsubiri. Alipoona hana la kuongeza, akaendelea kumwagia Bibi maji.