Goti la Mama na Gari la Daraja la Kati

Mama yangu alipoacha kutoka nyumbani, nyumba yetu iligeuka kituo cha polisi. Goti lake la kushoto lilikuwa limegoma. Teksi za Kampala, yaani vile vibasi vya abiria, zina ngazi ya juu, na kondakta hana muda wa kusubiri bibi apandishe mguu mmoja kisha amwombe Mungu amsaidie kupandisha wa pili. Bodaboda alishaapa hapandi hata akikimbizwa. Basi akakaa barazani kwetu, juu kidogo ya Namuwongo, akaanza kutusimamia. Alijua vitunguu vilivyoingia jikoni na vilivyotoka. Alijua mpangaji wa jirani amerudi na nani. Nikitoka dukani kwangu Nakivubo, ninakouza mapazia, nakuta ana mashtaka ya siku nzima, na hakimu ni mimi, hata viatu sijavua.

Nilikuwa nakasirika, sitaficha. Lakini chini ya hasira kulikuwa na woga. Sisi Wanubi tuna wanawake ambao bila wao harusi haichangamki na matanga hayakaliki, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Kila Ijumaa alikuwa na kikao na wajane wenzake, wanakunywa chai, wanasoma kidogo, wanasengenya sana. Sasa wakawa wanampigia simu tu, na akishakata simu ananyamaza mpaka magharibi. Mama yangu si mtu wa kunyamaza. Niliogopa kwamba atakufa kwa kukaa.

Ndiyo maana nikaamua kununua gari.

Mdogo wangu anashughulika na mizigo bandarini Port Bell, na kwa kuwa kila siku anaona vyombo vya moto, anajihesabu mtaalamu. Nilimwambia nataka gari dogo la saluni, lile lenye buti lake nyuma, la bei ya mtu mwenye akili timamu. Akasema sawa, lakini lazima nielewe kwamba gari moja linakuja kwa madaraja matatu. Lipo la kawaida, lipo la kati, na lipo lililosheheni. Injini ni ile ile, bati ni lile lile, tofauti ni vikorombwezo tu.

"Sasa kama injini ni ile ile, hizo nyingine nalipia nini?"

"Unalipia heshima, dada."

Nilipomwambia anifafanulie hiyo heshima, ikawa ni rimu za kung'aa, viti vya ngozi, kitufe cha kuwashia badala ya ufunguo, na kamera ya kuangalia nyuma. Mimi nauza mapazia. Najua kwamba pazia lenye pindo la dhahabu linaziba dirisha sawasawa na lisilo na pindo, na najua pia ni lipi linalonipa faida. Nikamwambia mimi si mteja wa pindo. Akasema siku nikitaka kuliuza hilo gari nitajuta, maana watu wananunua kwa macho. Tulibishana juma zima, na Mama akiwa barazani anasikiliza, hachangii neno. Ningekuwa na akili, ukimya ule ungenitia wasiwasi.

Siku ya kwenda bondi, pale yanapowekwa magari yaliyotoka Japani, tulimkuta amevaa buibui na mkoba uko mapajani.

"Mnaninunulia gari nisilolikalia kwanza?" aliuliza. "Hata kiatu mtu hupima."

Tukakodi gari la kumpeleka, akalazwa kiti cha nyuma kama godoro, na njia nzima alilalamika kwa sauti iliyokuwa na furaha ndani yake. Alikuwa anatoka. Alisoma mabango yote kwa sauti.

Muuzaji alikuwa mtu mwenye heshima nyingi na shati lililopigwa pasi. Alituanzishia lile lililosheheni, bila shaka. Mdogo wangu akapiga magoti mbele ya rimu kama anayeomba mchumba. Muuzaji akabonyeza kitufe, na ndani ya gari sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani, laini, ya adabu kabisa. Mama hajawahi kuacha salamu bila jibu. Akaitikia, "Waalaikumu salaam," akasubiri aulizwe habari za nyumbani.

"Ni gari, Mama," nikamwambia.

"Gari lenye adabu kuliko wewe."

Tukamkalisha kiti cha mbele, kushoto, mahali pa abiria. Akazama. Gari lenyewe lilikuwa chini, na ngozi nyeusi ilikuwa imechomwa na jua tangu asubuhi. Akasema ameketi juu ya kikaango. Akataka kutoka, goti likakataa. Mdogo wangu akamvuta mkono mmoja, mimi nikamvuta wa pili, na muuzaji, ambaye hakujua mama wa watu anashikwa wapi, akashika mlango. Tulipomtoa, buibui lilikuwa limepanda na heshima yote ya rimu ilikuwa imeshuka.

La kawaida lilikuwa na viti vya kitambaa, kwa hiyo hakuungua, lakini urefu ulikuwa ule ule. Tukavuta tena.

"Kupanda mchongoma," Mama alisema huku akihema, "kushuka ndio ngoma." Kisha akasema twende nyumbani. Alisema taratibu tu, bila kugombana na mtu, na roho iliniuma kuliko kama angenitukana.

Muuzaji akaona biashara inaondoka. Akakimbilia la kati, gari la rangi ya kijivu lisilo na chochote cha kutazama, magurudumu yamefunikwa vifuniko vya plastiki. "Hajati, ngoja kidogo," akasema. "Gari hii iko na kitu ingine." Akaingia yeye mwenyewe kiti cha dereva, akashika wenzo ulio ubavuni mwa kiti, akaanza kuupampu juu chini, juu chini. Kiti kikapanda, na yeye juu yake, mpaka nywele zake zikagusa dari.

Mama akamtazama vile.

"Toka hapo," akamwambia.

Muuzaji akatoka, Mama akageuka, akakaa kitako bila kushuka sana, kama anayekaa kwenye kiti chake cha barazani, akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Akatulia. Kisha akaitoa, akashika mlango, akasimama. Hakuna aliyemgusa. Akakaa tena, akasimama tena. Mdogo wangu alikuwa bado anaangalia lile la rimu, mimi nilikuwa naangalia uso wa mama yangu, na ilibidi nijifanye nina kitu jichoni.

"Nunua hili," akasema.

"Mama, hicho ni kiti cha dereva."

"Nimekuuliza ni kiti cha nani?"

Tukamwuliza muuzaji kama cha kushoto nacho kinapanda. Akainama, akapapasa, akasema hapana, na hata kwenye lililosheheni ni cha dereva tu kinachopanda. Waliotengeneza walimfikiria anayeendesha, abiria akabaki na Mungu wake. Lakini Mama alishasema, na akishasema haambiliki. Nikalinunua la kati. Mdogo wangu aliziaga zile rimu kwa macho kama anamsindikiza mtu uwanja wa ndege.

Nilijua nitapata ufumbuzi. Kwanza nikaweka mto kushoto. Ukawa unateleza, na nilipokanyaga breki Mama akaenda nao hadi kwenye dashibodi, na maneno aliyonipa siku hiyo siwezi kuyaandika. Kisha nikatafuta fundi ahamishe kiti cha kulia kushoto. Fundi akacheka, akasema hivyo viti havibadilishani, reli zake si sawa, nisimharibie gari. Siku tatu gari likakaa uani, na Mama barazani, wanatazamana.

Asubuhi moja, tukiwa kwenye chai, akatangaza kwamba ataendesha yeye.

Mdogo wangu alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mama akamsubiri amalize.

"Goti bovu ni la kushoto," akasema. "Gari hilo halina klachi, linataka mguu wa kulia peke yake. Nimewaangalia." Sisi tulidhani kila akitoka nasi anaangalia barabara, kumbe anaangalia miguu yetu.

Nilikuja juu. Nikamtajia umri wake, mashimo ya Kampala, bodaboda, malori. Nikamwambia nitafunga duka mapema kila Ijumaa nimpeleke, tutavutana tu, tumezoea. Akaniacha nimwage yote.

"Kushoto nimeshakaa, mwanangu," akasema. "Miaka yote ya baba yako nilikaa kushoto."

Nikaenda kumtafutia mwalimu.

Mwalimu wa udereva alikuja siku ya kwanza na maneno mengi, siku zilizofuata maneno yakapungua, mwishowe akawa anasoma dua tu, naye ni Mkristo. Mama aliendesha gari kama anavyoendesha nyumba. Akimwona anayemjua, anasimama katikati ya barabara kuuliza hali ya wagonjwa wote wa ukoo huo, na foleni nyuma inapiga honi mpaka inachoka. Alishindwa mtihani mara ya kwanza kwa sababu alimwambia mtahini asimpigie kelele. Akarudi. Akaleta leseni, akaiweka mezani, akaenda kuhesabu vitunguu.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari, kushoto, nasubiri anishushe Nakivubo. Akaja amejifukiza udi, kiatu kipya mguuni. Akafungua mlango wangu.

"Teremka. Nawachukua wenzangu, na wewe una miguu."

Nikateremka. Nikasimama getini kwangu, nikitazama gari langu likirudi nyuma polepole, nusura ligonge ua. Kisha nikasimamisha bodaboda.

Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya kuingia mjini niliposikia honi nyuma yetu. Si honi ya adabu, ni ile ya mtu aliyeiegemea kwa mkono mzima. Nikageuka. Ni gari la kijivu, la daraja la kati, limejaa mabibi wanne wa buibui wote wanaongea kwa pamoja, na dereva wao amekaa juu kabisa, shingo ndefu, anaitikisia kidole bodaboda yetu iliyomzibia njia. Hakuniangalia hata usoni. Alikuwa anacheka na mtu wa nyuma.

Nilikuwa sijamsikia mama yangu akicheka hivyo tangu goti lilipogoma. Machozi yakanitoka pale pale, ndani ya kofia ngumu ya watu.

"Huyu mama anaendesha vibaya," dereva wa boda akanung'unika.

"Najua," nikamwambia. "Mpishe."